Kamuto kanapitaka mule

Neno "kare" hutalikuta katika kamusi nyingi za Kiswahili sanifu, lakini mtu akikaa Likasi wiki mbili tu atalisikia sokoni, kanisani na ndani ya teksi. Tumelichukua kwa Kifaransa, na huku maana yake si mraba wowote. Ni kipande cha ardhi cha sheria ya madini. Sheria namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imeigawa nchi kwa mistari inayokwenda kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, kila mstari ukiwa mbali na mwenzake kwa sekunde 30 za digrii. Kinachobaki kati ya mistari ndicho kare. Kibali cha madini hakifuati mlima, wala mti, wala mpaka wa chifu. Huhesabiwa kwa kare, na kwa kawaida kare haigawanyiki.

Tena kare yetu si mraba. Sheria inaipa eneo la hekta 84.955, lakini sekunde 30 za longitudo hufupika kadiri unavyoiacha ikweta, na Likasi iko karibu digrii 11 kusini. Ukipiga hesabu utaona kwamba kare ya hapa ina mita 922 hivi toka kusini hadi kaskazini, na mita 911 hivi toka magharibi hadi mashariki. Ni mstatili unaoitwa mraba. Mwalimu wa hesabu angelalamika. Sisi wa lugha tumezoea majina yasiyolingana na vitu vyake.

Mito haiijui sheria hiyo. Kijito ninachotaka kukisimulia kinatoka upande wa Kambove, kinazunguka vichuguu na mashamba, kinapinda mara tatu kabla ya kufika kwenye bustani za mboga za kijiji ambacho sitakitaja. Kama maji mengi ya huku, mwisho wake ni Lufira. Msimu mmoja wa mvua maji yake yalianza kushuka na rangi ya kutu. Lengalenga zikakauka kwenye kingo, na akina mama wakaanza kutembea mbali zaidi kutafuta maji ya kumwagilia.

Anayetaka kulalamika juu ya maji kama hayo lazima kwanza ajue ya kuwa kijito kinapita katika kare zipi, kwa sababu kila kare yenye kibali ina mwenye kibali, na barua isiyo na jina la mtu haina wa kuijibu. Majina ya wenye vibali yanaonekana kwenye ramani ya CAMI, ofisi ya kadastre ya madini. Kazi ngumu ni hiyo ya kwanza: kujua kare. Shirika moja dogo lililokuwa likiwasaidia wanakijiji lilikuwa na programu yake lenyewe kwa kazi hiyo. Unachora kijito juu ya picha ya setilaiti, unabonyeza, nayo inakupa orodha. Orodha ya kwanza ilikuwa na kare nne, zote za mwenye kibali mmoja.

Mimi niliitwa kwa sababu ya lugha tu. Barua ilitakiwa iandikwe kwa Kifaransa, kisha isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu kabla ya kutiwa saini, ili mtu asije akatia saini jambo asilolijua. Nilisoma. Nilipofika kwenye orodha, na mmoja wa shirika akawa anaonyesha kila kare kwenye ramani kubwa iliyobandikwa ukutani, nkambo mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha kidole kwenye kare ya tano, iliyoachwa nyeupe. Akasema: "Kale kamuto kanapitaka mule."

Msomaji wa huku hahitaji tafsiri, lakini naomba tuisikilize sentensi yenyewe. Hakusema "kanapita". Alisema "kanapitaka", kwa kile kiambishi chetu cha -aka ambacho walimu wa sanifu hukifuta kwa wino mwekundu na ambacho kinaonyesha mazoea: kila siku, mwaka kwa mwaka, kamuto hupita. Na hakusema "pale" wala "kule". Alisema "mule".

Yule wa shirika alimjibu kwa heshima: "Mama, ordinatere imehesabu. Kanapita pembeni." Nkambo hakubishana. Aliuliza tu kama hiyo ordinatere imekwisha kuteka maji pale. Watu walicheka, mkutano ukaahirishwa kwa juma moja, na mimi nikarudi nyumbani na nakala ya programu kwenye flashi.

Yaya yangu amesomea ujenzi na anajua kuandika programu kidogo. (Nikiandika "yaya" kwa rafiki zangu wa Dar es Salaam wanadhani nazungumzia mlezi wa watoto. Ni mkubwa wangu.) Tulikaa naye jioni mbili tukisoma mistari ya programu ile mmoja mmoja. Siku ya pili, kabla umeme haujakatika, aliipata hitilafu, na nilipoielewa nilishangaa kuona inahusu fani yangu kuliko yake.

Mtu anapochora kijito kwenye kompyuta hachori kila tone. Anaweka pointi chache za kushikia, na kati ya pointi mbili programu inachora mstari uliopinda kwa kufuata pointi nyingine mbili zinazouvuta, ambazo zenyewe hazikai juu ya mstari. Mistari ya namna hii inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, ingawa Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa amekwisha kuifanyia kazi mwaka 1959. Kampuni yake iliificha kazi hiyo, jina likaenda kwa jirani. Uzuri wa mstari huo ni kwamba pointi chache zinatosha kuchora mpindo mrefu. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwani katikati ya pointi mbili zilizo mbali mambo mengi yanaweza kutokea.

Programu ya shirika ilifanya hivi: ilichukua kila pointi ya kushikia na kuuliza, je, pointi hii imo ndani ya kare? Ikipata moja iliyomo, kare inaingia kwenye orodha. Isipopata hata moja, kare inaachwa.

Nitoe mfano wa namba, maana bila namba tutabaki kupiga domo. Simama kwenye pembe ya kusini-magharibi ya kare. Pointi ya kwanza ya kijito iko mita 200 magharibi ya pembe hiyo na mita 300 kaskazini. Pointi ya pili iko mita 400 mashariki na mita 100 kusini. Ya kwanza iko nje, upande wa magharibi. Ya pili iko nje, upande wa kusini. Programu inasema: hakuna iliyomo, kijito hakipiti. Sasa chukua rula uziunganishe. Mstari unaingia kwenye kare kwa ubavu wa magharibi, mita 167 juu ya pembe, na unatoka kwa ubavu wa kusini, mita 250 mbele ya pembe. Ndani ya kare kuna mita 300 za kijito. Mita 300 za maji zinazopita katika ardhi ya mtu mwenye kibali, na orodha inasema hayupo.

Namba hizo nimezinyoosha ili hesabu iwe nyepesi, lakini pembe ile kwenye ramani yetu haikuwa tofauti sana. Na kare ya tano ilikuwa ya mwenye kibali mwingine kabisa. Barua ya kwanza ingemwendea mtu mmoja tu, na yule wa pili, ambaye kijito kinapita kwake kabla ya kufika bustanini, asingeulizwa neno.

Nilidhani dawa ni rahisi. Nikamwambia yaya: "Tuchukue kisanduku kinachoufunika mstari wote, kutoka pointi yake ya magharibi kabisa hadi ya mashariki kabisa, na kutoka kusini hadi kaskazini. Kisanduku kikigusana na kare, tuiandike." Akatikisa kichwa. "Mudogo yangu, hapo utamshtaki asiyehusika."

Akachora. Pointi mbili zilezile, lakini zile mbili zinazovuta mstari akaziweka pamoja, mita 200 magharibi na mita 100 kusini ya pembe. Mstari sasa unashuka kwanza kusini, kisha unageuka mashariki. Katikati yake uko mita 125 magharibi na mita 50 kusini ya pembe, nje ya kare. Ukiufuata wote hautaingia ndani hata kwa hatua moja. Unaizunguka pembe kama mtu anayeogopa mbwa wa jirani. Kisanduku chake, hata hivyo, kinailalia kare vilevile kama cha mstari ulionyooka. Jaribio la kisanduku linasema "unapita" kwa yote miwili. Jaribio la pointi linasema "haupiti" kwa yote miwili. Ukweli ni kwamba mmoja unapita na mwingine haupiti, na majaribio yote mawili hayana macho ya kuitofautisha.

Katika kijiji kile tofauti hiyo haikuwa ya daftarini. Barua inayomwacha anayehusika ni mbovu. Barua inayomtaja asiyehusika ni mbovu zaidi, kwa maana wakili wake atasimama na ramani, ataonyesha kare moja isiyoguswa na kijito, na baada ya hapo hakuna atakayesoma zile nyingine. Wenye elimu ya kompyuta wana majina ya makosa haya mawili. Kwa Kiswahili ningesema tu kwamba la kwanza ni kukana na la pili ni kuzua.

Njia ya kati ipo, na ni ya zamani kuliko sisi. Mwaka 1967 Danny Cohen na Ivan Sutherland, huko Marekani, waliitazama skrini kama chumba cha katikati katika nyumba yenye vyumba tisa. Ongeza kuta za mstatili pande zote nne bila kikomo, na dunia inakuwa vyumba tisa: cha kati ni mstatili wenyewe, vinane vinauzunguka. Kila pointi inapewa jina la chumba chake: juu, chini, kushoto, kulia, au viwili pamoja kama juu-kushoto. Pointi mbili zikiwa zote juu, au zote kushoto, mstari ulionyooka kati yao hauwezi kupita chumba cha kati, achana nao. Moja ikiwa katikati, umepita, andika. Lakini moja ikiwa kushoto na nyingine chini, majina hayatoshi. Hapo huna budi kwenda hadi ukutani na kuhesabu mstari unaukata wapi. Nimependa sana kwamba njia hiyo inajua mahali inapopaswa kusema "bado sijui". Programu ya shirika haikuwa na jibu hilo. Ilikuwa na ndiyo na hapana tu, na palipokosekana ndiyo ilisema hapana.

Kwa mstari uliopinda inabidi kuongeza hatua moja, na hapa yule wa Citroën anarudi. De Casteljau alionyesha kwamba mstari wa namna hii unaweza kupasuliwa katikati kwa kutafuta wastani tu: wastani wa pointi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya nne, kisha wastani wa hizo wastani, kisha tena mara moja. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya kwenye karatasi. Unapata vipande viwili, kila kimoja na pointi zake nne, kila kimoja na kisanduku chake kidogo zaidi. Kisanduku kisichogusa kare kinatupwa. Kinachogusa kinapasuliwa tena. Unaendelea hadi kipande kimekuwa kifupi kiasi kwamba kukiona kama mstari ulionyooka hakudhuru, na hapo unakipeleka kwenye vyumba tisa. Yaya aliiandika kwa mistari isiyozidi arubaini. Tulipoiendesha, kare ya tano ikajaa rangi.

Lakini alilibakiza lile swali la zamani la "imo?" Nilimwuliza kwa nini, ikiwa ndilo lililotupotosha. Alinionyesha kisima, chemchemi ndogo na mfereji wake, ambao wote uko katikati ya kare moja na hauvuki ubavu wowote. Ukiuliza tu "unakata ukuta?" utajibiwa hapana, na kare yenye chemchemi itaachwa. Swali la zamani si baya. Liliulizwa peke yake, basi.

Hapa ndipo niliporudi kwenye sentensi ya nkambo. Kiswahili sanifu kinaweka -ni mwishoni mwa jina na kuacha upatanisho uamue: nyumbani mwao, nyumbani pao, nyumbani kwao. Kiswahili chetu cha Katanga kimeiacha -ni karibu kabisa na kuyasimamisha yale matatu mbele ya jina, kila moja peke yake: mu nyumba, pa nyumba, ku nyumba. Tulifundishwa shuleni kuiona hali hiyo kama upungufu. Mimi naiona kama ramani. Mu ni ndani. Pa ni mahali penyewe, panapoguswa. Ku ni upande ule, huko. Mwaka 1991 Max Egenhofer na Robert Franzosa walichapisha makala wakipanga uhusiano unaoweza kuwapo kati ya maeneo mawili: kutengana, kugusana, kulaliana, kuwa ndani na kadhalika. Programu za ramani hadi leo zinasimama juu ya kazi za namna hiyo, na kila uhusiano una jina lake la amri. Sisi tunao watatu kati yao tangu tukiwa mgongoni mwa mama.

Nkambo alitumia viwili kwa pamoja, na ndipo alipoishinda programu. "Mule" ni mahali: mu. "Kanapitaka" ni kitendo cha kitu kirefu chenye kutoka na kufika. Pointi haipiti. Pointi iko au haiko. Anayepita ni mto, njia, nyoka, mtu. Mwandishi wa programu alikuwa na swali la kupita mkononi, akaliandika kwa kitenzi cha kuwemo, kwa sababu kuwemo ni rahisi kuhesabu: linganisha namba nne, umemaliza. Kompyuta ikajibu kwa usahihi kamili swali ambalo hakuna mtu kijijini aliyekuwa ameliuliza. Mimi ningeliita kosa la tafsiri, la aina ileile tunayoisahihisha kila siku darasani, ambapo kila neno ni sahihi na sentensi si ile.

Sidai kwamba anayesema Kiswahili ataandika programu bora. Kijana aliyeiandika ile anasema Kiswahili kama mimi. Alifikiri kwa Kifaransa, akaandika kwa amri za Kiingereza, na swali lenyewe halikupata nafasi ya kusemwa kwa lugha ambayo jibu lake lingesomwa.

Yaya alikwenda mwenyewe na GPS kwenye ile pembe, akatembea ukingoni mwa kijito huku akiandika pointi kila hatua ishirini. Kilipita mule.

Ilibaki kare ya sita. Kwenye sehemu moja kijito kinakwenda karibu sambamba na mstari wa mashariki, na kila tulipoiendesha programu kwa kubadilisha kidogo tu mchoro, kare ya sita iliingia au ikatoka. Sehemu ya tatizo ni picha ya setilaiti. Sehemu nyingine ni namba: sekunde 30 ni digrii moja kugawanywa kwa 120, na mistari miwili kati ya kila mitatu ya kare, ukiiandika kwa desimali, ina tarakimu zisizokwisha. Kompyuta inazikata mahali fulani, na mpaka unasogea kwa kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho lakini kinachotosha kugeuza ndiyo kuwa hapana. Yaya aliibadilisha programu ihesabu kwa sekunde badala ya digrii, ili kila mpaka uwe namba nzima. Mpaka ukatulia. Kijito hakikutulia, maana kijito chenyewe kina upana wa mita mbili wakati wa kiangazi na kumi wakati wa mvua.

Katika barua ya Kifaransa nilitumia vitenzi viwili tofauti. Katika ile ya Kiswahili, iliyosomwa juma lililofuata na kutiwa saini, niliandika: "Kijito kinapita ndani ya kare tano zilizotajwa hapo juu, za wenye vibali wawili. Kinapakana na kare ya sita. Tunaomba pembe yake ipimwe kwa miguu, mbele yetu, mvua zikianza."

Nkambo aliomba nisome tena neno "kinapakana". Nilisoma. Akasema kwao wanasema kiko pa mpaka, nikaandika hivyo.